Mnyororo wa Nanga Porini

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilikabidhiwa kazi ya ajabu kidogo: kuchukua vifaru vya Sherman vilivyokuwa vimebaki bila kazi, kuving'oa minara ya mizinga, na kuvigeuza matrekta. Kifaru kilichoundwa Marekani ili kupambana na Wajerumani kikapewa adui mpya, nao ni miti ya Tanganyika. Chombo kilichozaliwa hapo kiliitwa Shervick, nusu Sherman, nusu Vickers. Kilitakiwa kufyeka pori ili zilimwe karanga, karanga zitoe mafuta, na mafuta yafike mezani katika nchi ambayo, pamoja na ushindi wake wote, bado ilikuwa inagawiwa chakula kwa kadi.

Wanaoishi kwenye nchi za theluji hawatashangaa sana. Huko mtu huchukua kigari kidogo cha kubebea wachezaji wa gofu, akakifungia ubao wa chuma puani, akasukumia theluji uani kwake. Kazi hufanyika ilimradi theluji ni laini na uwanja ni tambarare. Theluji ikiganda, kigari hubaki kinazungusha magurudumu palepale, kwa sababu ni chepesi mno na kiliundwa kupita juu ya nyasi, si kusukuma kitu. Ubao umefungwa barabara, boliti zimekazwa, lakini chini ya ubao kuna chombo kilekile cha jana.

Pwani ya Lindi na Kilwa haijawahi kuona theluji. Hata hivyo ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizoshuhudia vyombo vingi kiasi hiki vikitolewa kwenye kazi vilikozaliwa na kufungiwa kazi nyingine: mizinga ya manowari iliyowekwa magurudumu, mnyororo wa nanga ulioburutwa porini, kifaru kilichofanywa trekta. Kila kimoja kilisifiwa kwa ubunifu wa wahandisi wake. Wachache waliuliza ni nani alikuwa anakivuta, anakisukuma au anakifungua kila jioni ili kesho kiwake tena, na humo ndimo ilimo historia yenyewe.

Milola ni kata iliyoko bara ya mji wa Lindi, katika nchi ya Wamwera. Waingereza hawakufungua shamba lao la karanga hapo, wala hakuna mzinga wa manowari uliowekwa kando ya barabara yake kuwa ukumbusho. Lakini imezungukwa na habari hizi. Tendaguru, kilima cha mifupa ya dinosaria, kiko katika nchi hiyohiyo ya bara ya Lindi. Kusini kuna bonde la mto Lukuledi, lililopitiwa na majeshi, reli na malori kwa zamu. Ng'ambo ya vilima na mabonde, kusini-magharibi, iko Nachingwea.

Jambo la kwanza la kufahamu kuhusu nchi hii ni mbung'o. Palipo na mbung'o ng'ombe hakai, na pasipo na ng'ombe hakuna plau wala mkokoteni. Mkulima wa Usukuma aliweza, wakati ulipofika, kumfunga maksai nira na kulima. Mkulima wa bara ya Lindi alibaki na jembe la mkono, na mzigo wake ukabaki kichwani. Kwa hiyo kila chombo cha magurudumu kilichoshushwa katika pwani hii kilikuta hakuna mnyama wa kukikokota. Walikuwapo watu tu.

Wajerumani walilijua hilo vizuri walipoanza kuchimba Tendaguru. Mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler alikuwa amekwisha kuona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini, na mwaka 1907 mtaalamu Eberhard Fraas akaja kuitazama. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba kwa nguvu kazi ya wenyeji, ambao kuna msimu walifika mia kadhaa. Msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani, na wataalamu wenyewe walikiri kwamba bila jicho lake kazi isingekwenda. Mifupa ilifungwa kwa mianzi iliyokatwa mlemle mkoani, ikagawanywa katika mizigo, ikabebwa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa namna hiyo. Mnyama mkubwa aliyeunganishwa kutoka katika mifupa hiyo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo watu hulipa kiingilio kumtazama. Aliwahi kusafiri katika vichwa vya wapagazi wa Lindi, kipande kwa kipande.

Halafu ikaja vita.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia bandari ya Unguja alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus. Baada ya hapo mitambo yake ikaleta matatizo, ikajificha katika delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa. Vipande vya mitambo vilishushwa, vikaburutwa nchi kavu kwenda karakana za Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa kwa njia ileile, na kazi hiyo ya kuburuta ilifanywa na mamia ya Waafrika kupitia matope na mchanga. Meli haikutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915 meli za Kiingereza Severn na Mersey ziliipiga mpaka kapteni wake, Max Looff, akaamuru izamishwe palepale.

Kilichofuata ndicho kinachoihusu habari yetu. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Wajerumani waliiopoa yote. Mzinga wa manowari hauna magurudumu: umekaa juu ya kiguzo kilichofungwa kwenye sitaha, na unapopiga, meli nzima hupokea ule msukumo wa kurudi nyuma. Ukiuweka ardhini vivi hivi utapinduka au utajichimbia. Karakana za Dar es Salaam zikaunda magari ya kuibebea, yenye magurudumu mazito na mikono ya kukita ardhini, na mizinga iliyotengenezwa kupigana baharini ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja ulipelekwa hadi Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba. Waingereza nao hawakubaki nyuma: waliopoa mizinga ya Pegasus kutoka bandari ya Unguja, nao wakaifungia magurudumu. Leo mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa pamoja Ngome ya Yesu, Mombasa, na watalii wengi hupiga picha bila kujua kwamba wenyewe walikuwa maadui.

Kwa kipimo cha uhandisi, kazi ile ilifaulu. Mizinga ya Königsberg ilikuwa mikubwa kuliko karibu kila silaha nyingine iliyokuwa nchini, na iliwasumbua Waingereza kwa miaka miwili. Lakini kufaulu kwake kulikuwa na bei. Pale ambapo maksai walikufa kwa mbung'o, watu walifungwa kamba, mamia kwa mzinga mmoja, wakauvuta kupanda vilima na kuvuka mito huku wengine wakibeba risasi zake kichwani. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposukumwa kusini mwaka 1917, vita ikahamia katika bara ya Kilwa na Lindi. Watu wa Narung'ombe waliiona Julai, na bonde la Lukuledi likaiona Oktoba, pale Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako kuanzia tarehe 15 hadi 18 yalipiganwa mapigano makali kuliko karibu yote ya vita ile Afrika Mashariki. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba 1917 hakuwa na hata mzinga mmoja wa Königsberg. Ilikuwa imetekwa, au imeharibiwa na wenyewe kwa sababu haikuvutika tena. Wapagazi waliokufa katika vita hiyo, kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Magurudumu ya mzinga yana picha nyingi katika vitabu. Majina ya walioyavuta hayamo.

Jeshi la Waingereza lilijaribu kupunguza mzigo huo kwa reli nyembamba iliyotandikwa kutoka Mingoyo, mwisho wa hori ya Lindi, kuelekea bara. Reli ilikuwepo, injini hazikutosha, kwa hiyo vigari vyake vilisukumwa kwa mikono. Amani iliporudi, vikaendelea kusukumwa vikiwa na bidhaa za kwenda Masasi na mazao ya kurudi. Ilikuwa hatua mbele kwa mpagazi, maana mzigo umetoka kichwani. Umehamia mabegani na kifuani.

Miaka thelathini baadaye wakaja watu wa karanga.

Wazo lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, tawi la Unilever, mwanzoni mwa 1946. Dunia ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na Tanganyika, akilini mwa aliyeitazama kutoka juu kwa ndege, ilikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu: John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na David Martin na John Rosa. Walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki tisa, wakarudi na mpango. Waraka wa serikali uliotolewa Februari 1947 ulitaja mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Themanini yangekuwa Tanganyika. Kati ya hayo 80, Kongwa ilipewa 15 na Urambo 10. Yaliyobaki, 55, yalikuwa ya Jimbo la Kusini. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya mpango mzima ilikuwa huku kwetu, bara ya Lindi na Mtwara, ingawa vitabu vingi huizungumzia Kongwa kana kwamba ndiyo peke yake.

Sababu ya Kongwa kutangulia ni nyepesi: ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Kusini hakukuwa na reli ya treni wala bandari ya meli kubwa. Lindi ilikuwa bandari ya matishari. Meli ilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kidogo kidogo. Hivyo ikaamuliwa zijengwe bandari ya kina kirefu Mtwara na reli mpya, na wakati huohuo Mkwaya, katika hori ya Lukuledi, ikatumiwa kuwa bandari ya muda. Kuanzia 1949 treni zilikwenda kutoka Mkwaya hadi Nachingwea. Likalazwa hata bomba la kupeleka mafuta ya mitambo bara. Hesabu ya mambo yaliyotakiwa kabla ya karanga ya kwanza kuota ingemtosha mtu mwenye busara kukunja mkeka wake, lakini Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa amekwisha kuliahidi bunge.

Kilichokosekana zaidi ya vyote kilikuwa matrekta. Viwanda vya Uingereza na Marekani vilikuwa vimejaa oda za miaka. Wanunuzi wakaenda kupekua mabaki ya vita. Matrekta na makatapila ya jeshi la Marekani yakanunuliwa Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa na kushika kutu. Ndipo na Shervick ilipopewa nafasi yake.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu safari ya kifaru hadi shambani ilikuwa safari ya kurudi nyumbani. Mwaka 1904, Stockton, California, Benjamin Holt aliondoa magurudumu ya trekta lake la mvuke na kuweka mikanda ya kutambaa, ili lisizame katika udongo laini wa delta ya kule. Vita ya kwanza ilipoanza, majeshi yalinunua matrekta ya Holt kuvutia mizinga, na wanajeshi wa Uingereza walipoyaona yakitambaa matopeni wakapata wazo. Septemba 1916, Somme, Ufaransa, vifaru vya kwanza viliingia vitani. Ule ubao wa kusukuma udongo nao ulianzia shambani: mwaka 1923, katika kijiji cha Morrowville, Kansas, mkulima James Cummings na mchora ramani J. Earl McLeod waliunda ubao, wakaufungia trekta ili kufukia mitaro ya mabomba. Katika vita ya pili ubao wa namna hiyo ulifungwa mbele ya Sherman ili kuondoa vifusi na kufukia mahandaki. Kwa hiyo trekta limekuwa kifaru, kifaru kimepewa ubao wa trekta, na sasa kifaru kinaombwa kiwe trekta tena.

Ombi hilo ndilo lililoshindikana, na sababu zake hazina siri. Kifaru huundwa kukimbia. Kinakwenda kasi kwa muda mfupi, kinasimama, kinapiga, kinageuka. Uzito wake mwingi ni mabamba ya chuma ya kumkinga aliye ndani. Yaondoe, na mizani yote ya chombo imebadilika. Trekta la kung'oa visiki ni kinyume chake: linakwenda polepole kwa gia nzito, kutwa nzima, likivuta kwa nguvu ileile tangu asubuhi hadi jioni. Mikanda ya kifaru imetengenezwa kupita barabarani bila kuimaliza. Ya katapila ina meno ya kuuma ardhi. Usukani wa Sherman ulifanya kazi kwa kuzuia upande mmoja ili upande mwingine uzidi, na mtambo huo ulikaa mbele, mbali na mahali mzigo unapofungwa. Ukiuweka chini ya mvuto wa kisiki siku nzima, breki zinaungua. Shervick zilifika Afrika, zikafanya kazi, zikaharibika mapema kuliko mtu yeyote alivyoahidi. Vickers wenyewe hawakukata tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitoa trekta jipya lililoitwa Vigor, lenye alama za kifaru kila mahali, nalo halikudumu sokoni.

Wala si Shervick peke yake. Udongo wa Kongwa una mchanga wa kwazi unaosaga chuma kama msasa, na mvua zikikatika hukauka ukawa sakafu. Majembe yaliyotengenezwa kwa mashamba ya Ulaya yalilika. Mizizi ya pori lile hutanda chini kwa chini mbali na shina, kwa hiyo kuuangusha mti ilikuwa nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Nyuki waliokuwa katika mibuyu waliwapeleka madereva hospitali. Mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache na spea zilikuwa baharini. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi 7,500 kwa kukadiria.

Katikati ya balaa hilo kulikuwa na kifaa kimoja cha kubadilishwa kazi kilichofanya kazi kweli. Watu wa porini waligundua kwamba badala ya katapila moja kuusukuma mti mmoja mmoja, unaweza kuchukua mnyororo mzito wa nanga ya meli, ukaufunga baina ya makatapila mawili yanayokwenda sambamba, na pori likalala chini kati yao. Katapila la tatu hufuata nyuma kuisukuma miti migumu iliyokataa. Inasimuliwa kwamba oda ya minyororo ya nanga ilipofika London kutoka mahali palipo mbali kabisa na bahari, makarani waliidhania mzaha. Haikuwa mzaha. Uzito wa mnyororo, uliopimwa kwa ajili ya kuishika meli katika mawimbi, ulikuwa ndio hasa unaotakiwa: haukatiki, haupandi juu ya mti, na hauna kipande chochote cha kuharibika. Kazi mpya haikuudai chochote zaidi ya kile ulichokuwa nacho tayari. Tofauti yake na Shervick iko hapo.

Njia hiyo ilikutwa pia upande wa pili wa dunia. Kingaroy, Queensland, ni mji wa karanga nchini Australia, na mkulima mmoja wa karanga wa huko, Joh Bjelke-Petersen, alijitajirisha kwa kufyeka mapori ya watu kwa mnyororo wa nanga baina ya makatapila mawili. Baadaye akawa kiongozi wa serikali ya jimbo hilo, kuanzia 1968 hadi 1987. Karanga zilimpeleka ikulu ndogo. Za Nachingwea zilimtia Strachey katika fedheha. Wote wawili walikuwa na mnyororo. Mmoja alikuwa anaijua ardhi yake.

Nachingwea haikuwa mbaya kama Kongwa. Mvua yake ni bora zaidi na udongo wake una huruma, ingawa miti yake ilikuwa mikubwa zaidi. Kama mpango ungeanza kidogo kidogo hapo, ukiwa na watu waliokuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono tangu zamani, huenda leo simulizi ingekuwa nyingine. Wakulima wa Kusini walijua ni wakati gani wa kupanda, na walijua pia kwamba shamba jipya halisafishwi mara moja: unakata, unachoma, unaacha visiki vioze vyenyewe huku unalima kati yake. Hakuna aliyewaomba ushauri. Shirika la Overseas Food Corporation, lililochukua kazi mwaka 1948 chini ya Leslie Plummer, lilipunguza malengo mara kwa mara, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36.5.

Mtu akihesabu pauni hizo huwa anasahau walioshika spana. Vijana wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua, ambao baba zao waliusukuma mzinga na kigari, walifundishwa kuendesha katapila, kuunga chuma, kufungua injini ya dizeli na kuifunga tena. Ufundi huo ulitawanyika mpango ulipovunjika. Katika hasara yote ile, mafunzo hayo ndiyo pengine sehemu iliyolipa, ingawa haikuwamo katika vitabu vya hesabu vya London.

Reli ilifika Masasi mwaka 1958 na ikafungwa mwaka 1962, mataruma na pao zikang'olewa. Mashamba ya Nachingwea yalipita kwa shirika la kilimo la Tanganyika, na kuanzia miaka ya 1960 kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikakaa huko, ikiongozwa na Samora Machel kabla hajawa rais wa Msumbiji. Mahali palipokusudiwa kuwalisha Waingereza pakawa pa kuwatoa Wareno. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ikaishia kusafirisha korosho.

Na ni korosho iliyoleta mashine nyingine ya kubebwa. Ugonjwa wa ubwiri unga ulipoenea katika mikorosho ya Kusini, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walipendekeza unga wa salfa, dawa ambayo wakulima wa zabibu Ulaya walikuwa wakiitumia dhidi ya ugonjwa wa namna hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Unga huo hupulizwa kwa mashine yenye injini ndogo inayobebwa mgongoni, ili ufike juu ya mkorosho. Injini inanguruma, inatetemeka, inatoa joto, na mwenye kuibeba hutembea nayo mti hadi mti alfajiri, umande ukiwa bado majanini. Hakuna trekta linalopita vizuri chini ya matawi ya mkorosho yaliyoinama, kwa hiyo mgongo wa mtu umepewa tena nafasi yake ya zamani.

Pawatila zina simulizi ya kuchekesha zaidi. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na halmashauri nyingi nchini zikanunua na kukopesha pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili lenye asili ya mashamba ya mpunga ya Asia. Katika tope la jaruba ni chombo cha ajabu. Katika shamba kavu lenye visiki, huruka, hugonga, na kumburuta mwenye kulishika. Wakulima wa sehemu nyingi hawakuchukua muda kuamua: wakalifungua jembe, wakaliweka kando, wakalifungia tela. Maofisa kadhaa walilalamika kwamba chombo cha kilimo kimefanywa gari la mizigo. Malalamiko hayo yanasomeka vibaya kwa yeyote anayeikumbuka Shervick. Safari hii aliyebadilisha kazi ya mashine ni yuleyule anayeishi nayo, na alichagua kazi ambayo mashine inaiweza: kuvuta polepole, kwa mafuta kidogo, katika njia ambayo lori halipiti.

Tela lenyewe huchomelewa na fundi wa mjini au wa njia panda, kwa bomba, angle na ekseli ya gari bovu. Breki mara nyingi hakuna, na kwenye mteremko msaidizi huruka chini akaweka jiwe. Siku hizi pawatila lina mshindani, pikipiki ya magurudumu matatu ambayo watu huiita toyo, nayo imeongezewa kingo za mbao na springi za ziada ili magunia ya ufuta yakae zaidi ya alivyokadiria aliyeiunda. Msimu wa mnada wa korosho na ufuta ukifunguliwa, foleni kwenye maghala ya vyama vya msingi huwa na vyote viwili, na nauli ya gunia hupatanwa kwa kutazama hali ya barabara, umbali, na kama greda la wilaya limepita mwaka huo au halijapita.